Kubadilisha mipira ya hewa iliyochoka kwenye gari la zamani la turbo: mwongozo kamili

Gari la turbo likishazeeka na kuanza kukosa nguvu, kinacholaumiwa kwanza huwa ni turbo yenyewe. Mara nyingi haina kosa. Kilichochoka ni mipira: ile mieusi inayobeba hewa kutoka kisanduku cha filta hadi mlangoni mwa injini, pamoja na klipu zake, oringi zake (pete za mpira za kuzibia maungio) na vimirija vyembamba vilivyochomekwa huku na huku. Mpira uliokaa miaka ishirini juu ya joto la injini, huku ndani ukilowa ukungu wa oili, hulegea sehemu moja na kukakamaa sehemu nyingine mpaka ukapasuka.

Nimewahi kushusha turbo nzima, kazi ya kutwa, nikaikuta haina tatizo. Nilipokuwa nasafisha vitu ili nivirudishe ndipo nilipoona ufa wa urefu wa kidole kwenye tumbo la mpira unaoingia kwenye turbo, upande wa chini ambako jicho halifiki gari likiwa limefungwa. Tangu hapo sigusi turbo kabla ya kupima mipira, na utaratibu ninaoueleza hapa ni huo: pima kwanza, nunua baadaye, badilisha mwisho.

Hewa inapita wapi

Ukiijua njia ya hewa, nusu ya kazi umeimaliza. Hewa huingia kwenye kisanduku cha filta, ikapita kwenye sensa inayohesabu kiasi chake (MAF, kwa magari yanayoitumia), ikaingia kwenye mpira wa kunyonya unaoishia mdomoni mwa turbo. Hapo feni ya turbo, ambayo kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huibana na kuisukuma. Hewa ikibanwa hupata moto, na ikitoka kwenye turbo inaweza kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo hupelekwa kwenye intakula ipoe, kisha hupita kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta) na kuingia kwenye manifodi (bomba linaloigawa hewa kwa silinda).

Turbo ndiyo mpaka. Kabla yake hewa inanyonywa, baada yake inasukumwa. Tundu lililo upande wa kunyonya na tundu lililo upande wa kusukuma ni magonjwa mawili tofauti, na dalili zake hazifanani.

Tundu lililo kati ya filta na turbo huingiza hewa ambayo haikuchujwa. Vumbi linalopita hapo husaga ncha za feni ya turbo na kukwangua kuta za silinda. Tundu hili ndilo la hatari zaidi ingawa linaweza kukaa miezi bila wewe kuhisi kitu. Likiwa baada ya sensa ya MAF, injini ya petroli hupata hewa ambayo haikuhesabiwa: mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, na injini isipokanyagwa mafuta inapanda na kushuka yenyewe.

Tundu lililo baada ya turbo hutoa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Kompyuta ya injini inamwaga petroli kwa hewa ambayo haifiki kwenye silinda, na matokeo yake ni moshi mweusi, ulaji wa mafuta kupanda na mlio wa upepo unaovuja unapokanyaga. Kwenye dizeli moshi mweusi huonekana zaidi, na gari linaweza kujizuia lisiende kwa nguvu zake zote. Magari yasiyo na MAF, yale yanayopima presha ndani ya manifodi, hayamwagi mafuta namna hiyo. Yenyewe hupoteza nguvu tu, huku turbo ikizunguka kupita kiasi ili kufidia hewa inayopotea.

Kuna vimirija viwili ambavyo watu huvidharau. Cha kwanza ni kile kinachotoka upande wa presha kwenda kwenye kikopo cha westigeti, yaani mlango unaopunguza nguvu ya turbo. Kwenye magari ya zamani yanayoendeshwa na presha moja kwa moja, kimirija hicho kikipasuka au kikichomoka, mlango haufunguki na presha hupanda bila kizuizi. Wengine hufurahi kuona gari limepata nguvu ghafla. Simamisha gari hilo, maana injini inaweza kupasuka pistoni.

Cha pili ni mpira wa kupumulia injini, unaotoa mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini. Kwenye injini nyingi za petroli zenye turbo mvuke huo una njia mbili: moja kwenda manifodi kupitia vali ya njia moja, nyingine kwenda kwenye mpira wa kunyonya kabla ya turbo. Vali hiyo ya njia moja ikifa, presha ya turbo hurudi tumboni mwa injini na kusukuma oili itoke kwenye sili. Mtu anabadilisha sili mara mbili, mara tatu, oili inaendelea kuvuja, na ugonjwa ni kivali kidogo cha plastiki. Kipime kwa kukitoa na kupuliza kwa mdomo kupitia kipande safi cha mpira: hewa ipite upande mmoja tu.

Pima kabla ya kununua

Anza kwa macho na vidole, injini ikiwa imepoa. Kunja kila mpira, hasa penye mikunjo kama ya kodiani, kwa sababu ufa hujificha ndani ya mikunjo na huonekana mpira ukipindishwa tu. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Ukibonyea kama unga uliokandwa, oili imeshauharibu. Ukiwa mgumu kama plastiki, joto limeumaliza. Maungio yaliyolowa oili na kunasa vumbi yanakuonyesha mahali hewa inapotokea.

Gari likiwa na tundu la kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya injini, zisome. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996, na ya petroli Ulaya kuanzia 2001, yana kodi za mfumo wa pamoja. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta kidogo mno, P0299 inasema presha ya turbo haifikii inayotakiwa. Hakuna kodi inayokutajia mpira gani, ila zinakuambia uanzie upande gani wa mpaka.

Kipimo chenyewe ni presha, na chombo chake unaweza kukitengeneza. Tafuta kizibo cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha mdomo wa mpira wa kunyonya, kitoboe katikati, kisha ufunge humo nipeli ya tairi, ile inayokazwa kwa nati. Chomoa mpira kwenye sensa ya MAF au kwenye kisanduku cha filta, ingiza kizibo mahali pake na ukikaze kwa klipu. Mpira wa kupumulia unaoungana na mpira wa kunyonya uchomoe na uzibe tundu lake, la sivyo unaijaza upepo injini kwa ndani na unaweza kutoa sili.

Unganisha kompresa yenye kidhibiti cha presha. Anza na bar 0.2, kama psi 3. Sikiliza. Tundu kubwa litajitangaza hapo hapo. Panda polepole hadi presha ambayo turbo ya gari lako hutoa. Magari mengi ya zamani ya kiwandani hayazidi bar 0.5 hadi 0.8, na mimi sivuki bar 1 kwa gari lolote. Usisimame mbele ya kizibo, kwa sababu kikichomoka kinaruka kwa nguvu. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila mkunjo, ncha za intakula, gasketi ya throto na mguu wa kila kimirija. Povu likipanda, weka alama ya chaki.

Upepo mdogo unaosikika kwenye eksozi au kwenye kifuniko cha oili usikutishe. Daima kuna vali ya injini iliyo wazi, na pete za pistoni hazizibi kwa asilimia mia.

Baadhi ya watu hupuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayonguruma ili wasikie mlio ukibadilika. Dawa hiyo inawaka, na turbo iliyo hapo karibu ni chuma cha moto. Achana na njia hiyo. Sabuni na presha zinatosha, tena zinakuonyesha mahali penyewe.

Nini cha kununua

Ushauri wangu ni kubadilisha mipira yote ya upande uliopasuka, si ule mmoja tu. Ilizaliwa siku moja na imekula joto lile lile. Ukibadilisha mmoja, presha itautafuta ulio dhaifu baada yake. Klipu za kukaza kwa bisibisi zilizoingia kutu usizirudishe, na oringi na gasketi za maungio yote unayofungua ziwe mpya.

Mipira ya silikoni inavutia kwa rangi na inavumilia joto vizuri, lakini silikoni ya kawaida haipatani na oili. Oili huipenya, ikalainika na kuachia tabaka zake. Kwa mpira wa kunyonya unaopokea mvuke wa injini, chukua mpira wa kiwandani au silikoni iliyotandikwa florosilikoni kwa ndani. Upande huo pia unahitaji mpira wenye waya au mbavu ndani yake. Ule laini mtupu hufyonzwa ukajibana unapokanyaga mafuta hadi mwisho, na gari linakosa pumzi bila kuwepo tundu lolote.

Kuhusu klipu, zile zenye matundu kwenye ukanda hukata silikoni. Chukua zenye ukanda laini kwa ndani. Kwa mipira mikubwa ya presha, klipu za bolti zenye ukanda mpana hushika sawasawa kuzunguka mpira wote. Klipu za springi za kiwandani, ikiwa springi bado ina nguvu, zirudishe bila aibu: hufuata mpira unapotanuka kwa joto na kusinyaa ukipoa, jambo ambalo klipu ya bisibisi haiwezi.

Vimirija vya vakyumu, vile vyembamba vinavyobeba mvuto wa kunyonya, pima kipenyo cha ndani, si cha nje. Kinachopwaya kidogo kitashika vizuri injini ikiwa baridi na kuvuja ikipata moto.

Kufungua

Gari lipoe kabisa. Chomoa waya hasi wa betri. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi imara, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake. Piga picha kila pembe kabla ya kugusa kitu, hasa vimirija vyembamba, kisha vifungie vipande vya tepu vyenye namba pande zote mbili.

Mpira uliong'ang'ania usiuvute kwa nguvu zote wala usiubandue kwa bisibisi kali. Unaweza kuvunja shingo ya plastiki ya sensa, au mdomo wa intakula, ambao kwenye gari la zamani ni mwepesi kuvunjika. Uzungushe kwanza kushoto na kulia mpaka uachie, ndipo uvute. Ukikataa kabisa, na una mpya mkononi, uchane kwa urefu kwa kisu, ukiangalia usikwangue bomba lililo ndani.

Mara tu mdomo wa turbo unapobaki wazi, uzibe. Tumia kitambaa kikubwa cha rangi kali, kinachoning'inia nje, ambacho huwezi kukisahau humo. Nati moja au kipande cha klipu kikiingia kwenye feni, injini ikiwashwa turbo imekwisha kwa sekunde, na vipande vyake vinaendelea na safari kuelekea kwenye intakula. Kila bolti unayofungua ihesabu na uiweke kwenye bakuli. Ikikosekana moja wakati wa kufunga, usiwashe mpaka uione.

Kabla ya kuziba, tumia nafasi hiyo kuitazama feni kwa tochi. Ncha zake ziwe kali na sawa, zisiwe zimelika wala kupinda. Shika nati ya katikati kwa vidole viwili: kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo nyingi zenye beringi za oili, lakini feni isiguse ukuta. Kucheza kwa kwenda mbele na nyuma kusisikike. Ukihisi kunagonga, turbo nayo imechoka, na ni afadhali ujue sasa.

Shusha na intakula kama inafikika. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni wa kawaida. Dimbwi si la kawaida: linatokana na upumuaji wa injini ulioziba au sili ya turbo inayopitisha, na kwenye dizeli oili hiyo ikifyonzwa kwa wingi inaweza kuungua kama dizeli, injini ikakimbia yenyewe na isizimike kwa ufunguo. Imwage, suuza kwa dawa ya kuondoa grisi mpaka itoke safi, kisha iache ikauke kabisa. Ninapoisafisha leo nairudisha kesho. Maji yaliyobaki ndani huenda moja kwa moja kwenye silinda.

Kufunga

Safisha kila mdomo wa chuma au plastiki utakaovalishwa mpira. Mabaki ya mpira wa zamani yakwangue kwa ukucha wa plastiki, kutu ipigwe msasa laini, mwisho pangusa kwa spiriti na pakauke. Upande wa presha usipake oili wala grisi ili mpira uingie kwa urahisi, kwa maana kinachourahisishia kuingia ndicho kitakachourahisishia kuchomoka. Mpira mgumu uloweke mdomo wake kwenye maji ya moto kwa dakika chache, utalainika. Oringi ni jambo jingine: zenyewe zinataka grisi kidogo ya silikoni zisijikunje wakati wa kuingia.

Mpira uingie kwenye bomba kiasi cha sentimita 2.5 hadi 3, na upite ule ukingo ulioinuka kwenye ncha ya bomba. Klipu ikae nyuma ya ukingo huo, milimita 3 hadi 5 kutoka mwisho wa mpira. Ikikaa juu ya ukingo itaonekana imekaza, ila presha ya kwanza itautoa mpira. Kaza mpaka mpira uanze kuvimba kidogo kandokando ya ukanda, kisha simama. Kwa klipu ya kawaida ya bisibisi nguvu ya kukaza ya Nm (nyutoni-mita) 3 hadi 5 inatosha. Kukaza zaidi hukata mpira na kupindisha bomba la plastiki. Kabla ya kukaza kabisa, hakikisha mpira haujapindishwa na haugusi belti, mabano yenye ncha wala upande wa eksozi.

Mpira ukiwa umepasuka mahali pale pale mara ya pili, angalia maunti za injini, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye bodi. Maunti iliyokufa huiacha injini iinuke kila unapokanyaga, na mpira ulioungwa kati ya injini inayocheza na bodi isiyocheza hauwezi kudumu hata uwe wa thamani gani.

Vimirija vyembamba badilisha kimoja kimoja: kitoe, kikate kipya kwa urefu ule ule, kirudishe, ndipo uguse kinachofuata. Anayevitoa vyote kwa pamoja ndiye anayepitisha jioni akitafuta kipi kilikuwa wapi. Vali inayoachia presha unapoondoa mguu ipime kwa pampu ya mkono ya vakyumu kama ni ya kiwambo: ivute, sindano ya geji ibaki palepale. Ikishuka, kiwambo kimechanika na vali ibadilishwe.

Sensa ya MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa kiwaya kilicho ndani kwa pamba wala brashi, na ikauke kabla ya kuunganishwa umeme. Throto ifutwe masizi kwa kitambaa, na gasketi yake iwe mpya. Kama ni ya umeme, usilisukume bati lake kwa kidole, gia zake ni dhaifu. Filta iwe mpya, na mpira unaozunguka ukingo wake ukae kwenye mfereji wake pande zote. Klipu moja ya kisanduku ikiachwa wazi, vumbi lina mlango.

Kujaribu

Rudia kipimo cha presha kabla ya kuwasha. Ni dakika kumi, na ni afadhali kuona povu ukiwa umesimama kuliko kusikia mlipuko wa mpira unaochomoka ukiwa unapita lori. Kisha toa kizibo, fungua tundu la kupumulia ulilolizuia na urudishe mpira wake, rudisha mpira wa kunyonya, unganisha betri, futa kodi.

Washa, uiache injini ipate moto bila kukanyaga. Inaweza kuyumba mwanzoni kwa sababu kompyuta ilizoea kufidia hewa iliyokuwa ikivuja; acha ijifunze upya. Mwenye mashine ya kusomea kodi atazame marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, baada ya safari kadhaa: yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, mambo ni mazuri. Yakiendelea kuwa chanya kwa zaidi ya hapo wakati injini haijakanyagwa, bado kuna hewa inaingia mahali baada ya sensa, na mimi huanza kutafuta kwenye gasketi ya manifodi na kivali cha kupumulia.

Barabarani panda nguvu kwa hatua, usikanyage hadi mwisho siku ya kwanza. Sikiliza kama kuna upepo, na mwenye geji ya presha aangalie kama inafika na kutulia. Ikizidi kiwango cha gari, toa mguu na urudi kwenye kimirija cha westigeti.

Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, mpira mpya utakuwa umepata moto na kupoa mara kadhaa na umekaa kwenye umbo lake. Fungua boneti gari likiwa baridi, pitia kila klipu ya bisibisi kwa mkono. Zile za upande wa moto, zinazotoka kwenye turbo kwenda intakula, karibu kila mara hukubali robo mzunguko zaidi.